Tuta la Kwanza

Shemeji yangu Wathome alifika kwetu Jumamosi asubuhi na miche ya mkonge juu ya punda, na mume wangu alikuwa hai, ameketi kando ya tangi la maji anakunywa chai. Nilipoiona ile miche nilijua wamekwisha kupanga bila mimi. Nilimsalimia kwa sababu nililelewa vizuri, lakini kiti sikumletea. Alijiletea mwenyewe.

Nieleze kidogo, maana si kila mtu ameolewa katika ukoo ule, na ashukuru. Hapa kwetu Mwala mkonge ndio mpaka wa shamba. Katika ukoo wa mume wangu, mzee akiona safari yake imefika mwisho huita watoto, na ndugu yake mkubwa huja na miche. Shamba linagawanywa na miche inapandwa siku hiyo hiyo, kila mtu akitazama. Baada ya hapo mzee hashiki tena mbegu. Haendi mnadani na mbuzi, hagusi jembe, na hospitali haendi kabisa, kwa sababu mtu aliyegawa ameshaaga. Baba mkwe wangu aligawa alipovunjika nyonga. Nyonga ikapona, lakini alikuwa ameshagawa, basi akakaa kwenye kiti, mzima kama mimi, akingoja. Malaria ilipokuja akakataa dawa. Tulimzika akiwa bado na nguvu za kulima, na sijawasamehe wanaume wa boma lile mpaka leo.

Sasa Kitonga wangu alitaka kuketi kwenye kiti kile kile, na yote kwa sababu ya nusu ya sentensi ya daktari.

Alianza kukohoa wakati wa baridi ya Julai. Alisema ni vumbi. Baadaye akasema ni moshi wa jikoni kwangu, kana kwamba moshi huo ameuona jana. Sigara alivuta ujanani, akaacha alipookoka, na hilo halinisaidii kumlaumu mtu. Siku nilipokuta damu kwenye kitambaa chake nilimpigia simu binti yetu Wayua, anayeuza nafaka Kithimani, naye akafunga duka akaja kutuchukua. Machakos mjini walimpima makohozi, hayakuwa na TB. Wakampiga picha ya kifua, kisha ile picha ya mashine ya kuzunguka, kisha wakamchoma sindano ndefu mgongoni wakatoa kipande cha nyama kutoka kwenye mapafu. Ilikuwa saratani.

Nakumbuka dakika ile daktari alipotamka neno hilo. Kitonga alikuwa ameshika kofia yake magotini, anaizungusha. Kijana wetu Kimeu alikuwa amekuja kutoka Syokimau, na simu yake ilikuwa mkononi tangu tulipoingia.

Daktari anaitwa Njambi. Ni mama mfupi, sauti yake ya chini, na akikuangalia haondoi macho. Alitugeuzia kompyuta tuione ile picha. Alituonyesha uvimbe kwenye pafu la kulia, juu, kama kokwa la embe. Kisha akaonyesha katikati ya kifua, mahali njia ya hewa inapogawanyika, palipokuwa na vitu vidogo vya mviringo.

"Hizi ni tezi," alisema. "Kila mtu yuko nazo. Kazi yake ni kushika uchafu. Sasa, mzee, kuna maswali matatu naulizia huu uvimbe. La kwanza, ni mkubwa kiasi gani na umekaa wapi. La pili, kama umeingia kwenye tezi, na ni tezi zipi, za karibu ama za mbali. La tatu, kama umetoka nje ya kifua ukaenda kwa ubongo, ini, mifupa. Nikiunganisha majibu yote ndiyo napata hatua. Kuna ya kwanza mpaka ya nne. Hatua ndiyo inaniambia nikutibu namna gani. Haiko hapo kukuambia siku ya kufa."

"Na mimi niko wapi?" Kitonga aliuliza.

"Kwanza uniambie. Ulishawahi kuugua TB?"

"Hapana," alisema haraka, akiitazama kofia.

Daktari aliandika. "Kichwa chako ni safi, ini ni safi. Hilo ni jambo kubwa, shukuru Mungu. Lakini hizi tezi za katikati zimevimba. Kwa hii picha peke yake, ningesema ni hatua ya tatu." Kimeu akaanza kubonyeza simu. "Lakini picha inanionyesha kitu kimevimba, hainionyeshi ni nini kimekivimbisha. Nataka twende Nairobi, upewe dawa ya usingizi, tupitishe mrija mwembamba kwa koo, tutoe nyama kidogo kwa hizo tezi tupime. Zikiwa na saratani, tutaanza na dawa na mionzi. Zikiwa safi, tunafanya operesheni, tunatoa huo uvimbe wote. Kwa hivyo usirudi nyumbani na nambari. Bado sijakupa nambari."

Tulirudi nyumbani na nambari. Kabla hatujafika, Kimeu alikuwa ameiandika kwenye kundi la familia la WhatsApp: stage three. Shangazi walishaanza kutuma picha za mishumaa. Mtoto huyu nampenda, amesoma, lakini siku ile ningemtupa nje ya gari na simu yake. Nusu ya pili ya maneno ya daktari, ile iliyoanza na "lakini," haikumfikia mtu yeyote isipokuwa mimi na Wayua.

Kitonga naye alikuwa na sababu yake ya kukataa kipimo cha Nairobi. Baada ya ile sindano ya mgongoni alipata homa, akaamini kwamba sindano ndiyo iliyoharibu kila kitu.

"Hiyo kitu ilikuwa imelala," aliniambia. "Chuma ikiigusa inaamka, inatembea. Sasa wanataka kuweka chuma ingine kwa koo? Wacha nikae."

"Nani amekuambia chuma inaiamsha?"

"Kila mtu anajua."

Na kweli, Mwala nzima inajua. Mwenye bodaboda anajua, mwenye duka anajua, hata mama wa kwaya aliyekuja kutuombea alijua, akatia chumvi kwa kisa cha binamu yake. Nilibishana nao wote. Nilipiga kelele mpaka mbuzi wakanikimbia. Haikusaidia kitu, kwa sababu Kitonga hakuwa anabishana, alikuwa amenyamaza, na mwanaume akinyamaza hivyo unajua ameshafika mahali. Nilikuwa naogopa. Nililala kando yake nikisikiliza kifua chake na kufikiria baba yake kwenye kiti.

Ndipo Wathome akaja na punda.

Tuliketi kando ya tangi, kwenye kivuli cha nyumba. Wayua alikuwa amefika, macho mekundu. Kimeu alikuwa amesimama, anaangalia chini, nadhani alianza kuelewa alichokianzisha. Wathome alikohoa kidogo akawa mzee wa mkutano.

Desturi yao ina mlango mmoja ambao sikuwa nimewahi kuutilia maanani. Kabla ya kugawa, ndugu mkubwa humuuliza mwenye shamba kama tumbo lake ni safi, yaani kama kuna jambo aliloificha nyumba yake. Akiwa nalo alitoe mbele ya wote, kwa sababu wanaamini shamba lililogawanywa na mtu aliyeficha jambo litaleta ugomvi hata kwa wajukuu. Akishalitoa, mke wake anampa uji kutoka kwenye kibuyu chake mwenyewe, anakunywa, na hapo tu ndipo mche wa kwanza unashuka. Uji nilikuwa nimeupika. Uliungua kwa sababu ya hasira zangu, na sikupika mwingine.

"Kitonga," Wathome alisema, "tumbo ni safi?"

Mume wangu aliitazama miche. Nilimjua vizuri tangu tuoane, nikajua hataki kusema ndiyo. Nilianza kuwapitia wanawake wote wa Mwala kichwani, mmoja mmoja, hata wajane.

"Si safi," alisema. "Mimi Mombasa sijawahi fika."

Hakuna aliyeelewa, isipokuwa mimi, na mimi sikuamini.

Kabla ya kunioa, mwaka ule wa njaa kubwa, themanini na nne, Kitonga alikwenda Mombasa kufanya kazi bandarini. Hiyo ndiyo hadithi niliyoolewa nayo. Alikaa huko miezi mingi, akarudi amekonda, akasema chakula cha Pwani hakikumkubali. Aliniletea leso nyekundu na nyeusi, leso ya Mombasa, na mimi niliwaringia wasichana wote wa kanisani kwa sababu ya leso ile. Watoto wangu wawili niliwabeba nayo. Alinisimulia meli. Alinisimulia ladha ya madafu!

"Nilikuwa wodi ya TB," alisema. "Nilikohoa damu kama hii ya sasa. Walinilaza, wakanidunga sindano kila siku, kisha vidonge miezi mingi. Nilipona kabisa. Lakini zile siku boma ya kukohoa haikuwa inapewa msichana. Baba yake Nzembi huyu mke wangu angenifukuza na mbwa. Kwa hivyo nilisema Mombasa."

"Na leso?" niliuliza.

"Machakos mjini. Kwa Mhindi mmoja karibu na stendi."

Wathome alijikuna kidevu. "Basi hiyo tu?" alisema, na nadhani alihuzunika kidogo. "Mimi nilifikiria ni mtoto wa nje."

Sitaki kujifanya mwema. Kitu cha kwanza nilichofikiria ni leso. Nilitaka kuingia ndani niitoe sandukuni nimfunge nayo mdomo. Miaka yote hii nimewaambia wajukuu babu yao aliiona bahari. Kisha nikasikia sauti ya Daktari Njambi akiuliza swali lake, na nikaiona kofia ikizunguka magotini.

"Daktari alikuuliza," nilisema. "Alikuuliza TB, ukasema hapana."

"Ulikuwa umekaa hapo kando yangu. Ningesema nini?"

Sikujua swali lile lilikuwa na maana gani. Nilijua tu kwamba daktari hakuuliza kwa kupoteza muda, na kwamba alipewa uongo. Niliinuka nikachukua kibuyu. Wathome alinyoosha mgongo akidhani namletea mume wangu uji. Nilikigeuza. Uji ulimwagika mbele ya miguu ya shemeji yangu, kuku wakaja mbio.

"Mama Wayua!" Wathome aliita.

"Kibuyu ni changu," nilisema. "Bila uji hakuna kugawa, si ndivyo mnasema? Basi hakuna uji. Wayua, piga simu hospitali."

Daktari hakupatikana. Alikuwa na wagonjwa, lakini muuguzi alichukua ujumbe, na tulikaa pale, kila mtu akimwangalia punda. Wathome alitaka kuondoka, kisha akabaki, maana alitaka kujua mwisho. Simu ilipolia, Wayua aliiweka wazi tusikie wote, na Kitonga mwenyewe akaeleza habari ya TB, kwa kifupi, bila meli.

"Mzee," Daktari Njambi alisema, "ahsante kwa kuniambia. TB ya zamani inaweza kuacha makovu kwa hizo tezi, zikabaki zimevimba miaka mingi. Sasa nisikilize vizuri. Sisemi kwamba ndiyo hiyo. Inawezekana ni saratani. Nasema sasa niko na sababu mbili za kuvimba, na hakuna picha inaweza kunitenganishia. Hata ile picha kubwa ya mwili mzima wakati mwingine huwaka kwa saratani na huwaka kwa TB, haijui tofauti. Ni nyama tu itasema."

"Lakini chuma inaamsha hiyo kitu," Kitonga alisema.

"Ilikuwa macho kabla sijaigusa, mzee. Si ndiyo ilikufanya ukohoe damu? Hiyo homa ulipata, ungekuja nikuone. Haikuwa saratani ikitembea."

Alisema atatutafutia nafasi Nairobi ikiwa tuko tayari. Wayua alishukuru, akakata simu. Wote tulimtazama Kitonga. Aliinuka, akachukua fimbo yake, akashuka shambani.

Nilimfuata. Nilikuwa na hasira na leso bado ilikuwa inaniuma, lakini nilimfuata.

Shamba letu liko kwenye mteremko. Matuta yake yalichimbwa na baba yake, Kitonga akaongeza mengine, na kama hujalima Ukambani nikuambie tu kwamba bila tuta hakuna shamba, mvua moja inabeba udongo wako wote hadi mtoni na wewe unabaki na mawe. Kule juu, mpakani na kwa jirani, palikuwa pamebomoka tangu mvua za Aprili. Kitonga aliugua kabla hajaparekebisha. Alisimama pale akipatazama, akipumua kwa shida kwa sababu ya kushuka na kupanda.

Mimi si mtu wa mafumbo. Lakini nilimjua mume wangu anavyofanya kazi, na nilikuwa nimemwona akifanya jambo moja kila mwaka.

"Tuta likivunjika," nilimwambia, "unafanya nini kwanza? Unashika jembe?"

"Huwezi shika jembe kabla ya kuona."

"Kuona nini?"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Udongo umefika wapi. Unatembea kushuka. Ukikuta tope imeshikwa na tuta linalofuata, ni kazi ndogo. Ikipita hilo, unaangalia la chini. Ikifika mtoni, hapo umepoteza."

"Na ukisimama hapa juu, unaweza kujua imefika wapi?"

"Siwezi. Lazima nitembee."

Kule chini tuliona vichwa vya Wathome na Kimeu, wanashusha miche kutoka kwa punda kwa sababu punda alikuwa amechoka.

"Kwa hivyo yule daktari anataka kutembea," Kitonga alisema mwishowe.

"Anataka kutembea. Na wewe umemfungia mpaka kwa mikonge."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikamshika bega mpaka kikatulia. "Nzembi," alisema, "hiyo maneno ya Mombasa..."

"Hiyo tutaongea ukipona," nilisema. "Usifikiri nimemaliza."

Alikwenda Nairobi. Kimeu alimpeleka kwa gari na kumngoja mlangoni, na nitampa sifa yake hapa, simu haikutoka mfukoni. Mrija ulipita kooni, Kitonga hata hakukumbuka. Alirudi na sauti ya mwenye mafua, akataka chai. Halafu tukangoja. Kungoja kule ndiko kulikokuwa kubaya kuliko yote. Nilisafisha vitu vilivyokuwa safi. Nilimgombeza Wayua kwa simu kwa kosa la bei ya mbaazi ambayo si yeye anayeipanga. Kanisani waliponiuliza tuko hatua gani, niliwajibu kwamba tuko hatua ya kungoja, na mtu asiniulize tena.

Daktari Njambi alituita sote ndani. Alianza na jibu, hakutuzungusha.

"Hakuna saratani kwenye hizo tezi. Ni makovu ya TB ya zamani."

Nililia palepale, kwa sauti, bila aibu. Kimeu alimshika baba yake mkono kama mtoto mdogo. Daktari alitungoja, kisha akasema sasa anaweza kutupa nambari: uvimbe ni wa ukubwa wa kati, tezi za katikati ni safi, mwilini kwingine hakuna kitu. Hatua ya kwanza, ile sehemu yake ya juu, inayokaribia ya pili. Daktari wa upasuaji atatoa kipande cha pafu chenye uvimbe, na tezi za karibu, zipimwe tena.

"Tena?" Kitonga aliuliza.

"Tena. Nikishakata nikaona kwa macho, naweza kubadilisha nambari. Nakuambia mapema ili isije ikakushtua."

Ni vizuri alituambia, kwa sababu ilibadilika. Operesheni ilikwenda salama, Kitonga akaamka na mirija ubavuni, akalalamika juu ya uji wa hospitali, nikajua ni yeye. Lakini majibu ya maabara yalipotoka, tezi moja ndogo, ndani ya pafu lenyewe, kando kabisa ya uvimbe, ilikutwa na saratani. Ilikuwa imetolewa pamoja na kipande kile. Hata hivyo iliingia kwenye hesabu. Tulikuwa hatua ya pili, na daktari alitaka Kitonga apate dawa za kemo ili kufagia chochote ambacho macho hayakioni.

Kimeu aliuliza kama aandike kwenye kundi. Baba yake alinyoosha mkono, akaichukua simu, akabonyeza pale pa kurekodi sauti. Alizungumza polepole kwa sababu ubavu ulikuwa bado unamvuta.

"Ni mimi Kitonga. Nisikilizeni mpaka mwisho, si nusu. Udongo umefika tuta la kwanza tu. La pili ni safi, na chini yake ni safi, wamepima kwa mkono si kwa macho. Lile tuta la kwanza wametoa na tope yake yote. Sasa nitapewa dawa ya kuosha. Msitume mishumaa tena, nyumba yangu iko na stima."

Wathome ndiye aliyekuwa wa kwanza kujibu. Aliandika neno moja, "Sawa," na baada ya muda akaandika tena kwamba ile miche aliiacha nyuma ya jiko letu, tuimwagilie.

Sikuimwagilia. Nilitamani ikauke. Lakini mkonge haufi kwa kunyimwa maji, kila mtu Ukambani anajua hivyo, na kila nilipokwenda kuchukua kuni niliikuta pale imekaa, kijani, ikinitazama. Mvua za Oktoba zilikuja nikapanda na Wayua na vibarua. Kitonga alikuwa akitutazama kutoka kwenye kiti chake kando ya tangi, nywele zimemtoka, mdomo una vidonda vya dawa. Watu waliopita barabarani walimwona hajashika mbegu, wakasema chini chini kwamba mzee aligawa kimya kimya. Niliwasikia. Safari hii hasira haikuja, ilikuja hofu, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeanza kujiuliza. Dawa ilikuwa imemchosha sana. Kuna siku alikuwa akinijibu kwa kichwa tu.

Kemo iliisha. Picha iliyofuata ilikuwa safi, na daktari akatuonya kwamba atakuwa akimpiga picha miaka kadhaa, kwamba safi ya leo si kiapo. Kitonga alisema hata mvua huwa haiapi, unaangalia kila msimu. Nywele zilirudi, nyeupe na laini. Lakini kiti hakukiacha.

Machi, wingu la kwanza lilipokaa juu ya vilima vya Iveti, aliniita.

"Ile miche ya Wathome iko wapi?"

Nilikuwa nachagua ndengu za mbegu kwenye ungo. Mikono yangu ilisimama. Nilifikiria kumwambia imekauka. Nilimfikiria baba yake, nyonga imepona na mikono imelala magotini. Nilisema, "Iko nyuma ya jiko. Unaitakia nini?"

Alikwenda nyuma ya jiko, akaifunga kwa kamba, akaichukua begani upande usio na kovu. Nilimfuata nikiwa na ungo wangu bado mkononi kama mwendawazimu. Hakuelekea mpakani. Alipanda hadi pale palipobomoka, akapumzika, akapumua, kisha akapiga magoti akaanza kuipanda mikonge juu ya ukingo wa tuta, karibu karibu, ili mizizi yake ishike udongo.

Nilimshikia miche. Alipanda michache, akapumzika, akapanda mingine, na ile iliyobaki nikaipanda mimi kwa sababu alikuwa amechoka. Nilipomaliza nilikuta bado amepiga magoti kwenye udongo uliolimwa, chini ya tuta, anautazama.

"Ulibeba mbegu?" aliuliza.

Nilikuwa nazo. Mbegu za ndengu nilizokwisha kuchagua zilikuwa kiunoni, zimefungwa kwenye leso ile nyekundu na nyeusi niliyokuwa nimeitoa sandukuni, maandishi yake yamefutika zamani. Aliitambua. Aliniangalia kwa woga, kama kijana aliyekuja kuposa.

"Mombasa utanipeleka," nilimwambia. "Ya kweli. Yenye bahari."

"Nitakupeleka."

Nilifungua fundo. Alinyoosha mkono wazi, na mimi nikaujaza.